Banda la Kuku Lenye Choo

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Mama anahamia kwetu! Huko kwa kaka anapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na magoti yale, anapumzika kila kona. Nitamjengea chumba uani. Mke wangu kasema niende kwanza ofisi ya mipango miji, niulize kama kiwanja chetu kinaruhusiwa kuwa na nyumba ya pili. Niulize? Ukiuliza unakatazwa! Akaguna, akaendelea kumenya viazi.

Jumatano, 5 Machi
Fundi kaanza msingi. Jirani, mwalimu mstaafu, kachungulia juu ya ukuta, kauliza tunajenga nini. Umbea tu. Nikasema banda la kuku. Ulimi wangu huu!

Jumamosi, 8 Machi
Kuta zimefika kiunoni. Jirani kaleta gunia la pumba, zawadi ya kuku. Nimeona haya. Nimenunua jogoo ili mambo yaonekane. Kamdonoa fundi.

Jumanne, 11 Machi
Balaa! Mkaguzi wa manispaa alikuwa anapita, kaona matofali yangu yameziba njia, kaingia. Nikashikilia: banda. Akauliza mbona lina choo. Nikasema kuku wangu ni wasafi. Fundi akaangua kicheko, msaliti yule. Mkaguzi akasema mtaa huu ni wa makazi, ufugaji wa biashara marufuku, nibomoe. Ndipo nikatoboa: ni chumba cha mama. Akaniangalia kwa huruma.

“Mzee, chumba cha mzazi kinaruhusiwa, mradi kishikane na nyumba kubwa. Si ungeuliza tu?”

Nimebomoa kwa mikono yangu. Mama alishaanza kufunga mizigo. Nililia kidogo. Mke wangu nilimwambia ni vumbi.

Alhamisi, 13 Machi
Mke wangu kaenda ofisini mwenyewe. Karudi mchana na kibali cha kuunganisha chumba na jiko. Kakiweka mbele yangu, akaendelea kumenya viazi. Afadhali angenisema.

Jumamosi, 26 Aprili
Mama kahamia! Hakuna ngazi hata moja. Kaketi mlangoni, kanyoosha miguu, kasema hapa atapata usingizi. Roho yangu kwatu.

Anamwonea huruma jogoo kwa upweke, angependa kuku wachache. Sijui wachache ni wangapi kisheria. Mke wangu kasema niulize. Niulize? Fundi anakuja kesho.

Jirani kachungulia, kaniona napima uani, kauliza safari hii tunajenga nini. Nikasema chumba cha mama mkwe. Kumbe mke wangu alikuwa nyuma yangu. Sasa hivi yuko kwenye simu na mama yake, wanacheka.