Siku Thadeus wa Njoro Alipozivua Rimu Zake

Sogeeni, enyi watu wa Njoro na wa Kilema, nanyi mliokwenda mjini mkasahau njia ya kwenu. Wekeni chini vikombe, zimeni hizo simu, na wewe uliyesimama mlangoni ama ingia ama toka, baridi inaingia. Nataka kunena habari za shujaa Thadeus, mwana wa Hilaria, mzaliwa wa kwanza wa kihamba chetu, shamba la mababu, muuza saruji na mabati, Mwenye Tumbo la Heshima, Mpiga Honi Kila Kona, na za vita alivyopigana ndani ya nafsi yake kwa ajili ya tairi nne. Nisaidie, ewe kumbukumbu yangu, nawe mbege wa ndizi uliyemo kibuyuni, nisije nikapunguza neno. Mimi ni binamu yake, nilikuwapo, na mtu asiniambie haikuwa hivyo.

Shujaa huyu alikuwa na gari. Nikisema gari msifikirie hayo yenu. Lilikuwa refu, jeupe pee, lenye viti vya ngozi vinavyompasha mtu moto makalio, na ndani ya dashibodi mna mwanamke asiyeonekana anayekuelekeza njia hata kama unarudi nyumbani kwako mwenyewe. Watu wa Njoro, kule chini anakoishi, waliliita Kasri. Na miguuni, oh, miguuni lilivaa rimu pana za inchi ishirini na mbili, zilizong'aa hata vijana wakawa wanachana nywele mbele yake, na juu ya rimu hizo zilizungushwa tairi ambazo ubavu wake ulikuwa mwembamba kama chapati. Thadeus alizipenda rimu zile kwa moyo wake wote. Alizifuta kwa kitambaa chake cha mfukoni, kisha kitambaa hicho hicho akajifutia uso.

Lakini Pasaka iliyopita Kasri liliaibika. Mnajua masika yanavyoifanya njia ya kwetu Kilema, huko mlimani, na mnapajua pale juu ya nyumba ya mama yake, ambapo mlima wa kwenda kanisani unapinda kando ya mfongo, ule mfereji waliouchimba babu zetu kuleta maji ya msituni mpaka migombani. Hapo ndipo Thadeus, akiwa amempakia mama yake kwenda Misa, alipokanyaga mafuta, na zile tairi zilizokwisha kuwa vipara zikazunguka mahali pamoja zikipiga kelele, kisha Kasri likarudi kinyumenyume, taratibu, kwa adabu zote, likakaa kitako ndani ya mfongo.

Maji yakakosa njia. Yakaingia jikoni kwa Mzee Kornel, mkuu wa mfongo, yakabeba sufuria na magimbi yaliyomenywa, na huko chini ukoo mzima ukabaki bila tone siku ya sikukuu. Wanaume wakavua makoti ya Pasaka wakasukuma. Na Mama Hilaria, mwenye magoti mabovu, akashuka, akavua viatu vyake vya kanisani, akavishika mkononi, akapanda ule mlima pekupeku kwenye tope. Alipofika, watu walikuwa wanatoka. Mzee Kornel akamtoza Thadeus pipa la mbege, kama sheria ya mfongo inavyotaka, na wazee wakalinywa bila huruma hata kidogo.

Pipa si neno. Neno ni kwamba tangu siku ile mama akawa anapelekwa Misa na Sirili. Sirili ni kitinda mimba, ndiye aliyebaki kihambani kama ilivyo desturi yetu, mtu mpole mwenye pikapu kuukuu ya rangi mbili, inayoshusha ndizi sokoni Himo. Na ninyi mnajua kwamba kwetu, baada ya Misa, wanaume husimama uwanjani, mikono mgongoni, kuangalia nani kaletwa na nani. Habari ikashuka mlima ikafika Njoro: mama wa Thadeus anakwenda kanisani na ndizi. Ikamchoma. Nasema ikamchoma, nilimwona, alikuwa anakula nyama choma akaiacha, na Thadeus haachi nyama.

Desemba ilipoingia, na mvua za vuli zikagoma kuondoka, shujaa akashika simu, akasimama wima kana kwamba mama anamwona.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Ee Mama uliyenibeba mgongoni ukichuma kahawa, uliyeninyima kiboko nikakikosa! Krismasi hii mimi, mzaliwa wako wa kwanza, nitakuja kukutwaa mlangoni pako, nikupandishe kwenye ngozi laini, nikufikishe altareni kwa heshima inayokupasa!"

"Thadeus, acha hotuba, salio litaisha. Kwa gari gani?"

"Gari ni lile lile, Mama."

"Basi nitakwenda na Sirili."

Akasihi, akalia, akataja mpaka jina lake la ubatizo. Mwishoni mama akasema hivi, nami nilisikia maana simu ilikuwa kwenye spika: "Nitapanda. Lakini Sirili atakuja nyuma yetu. Ukikwama, nashuka, nahamia kwa mdogo wako, na sitapanda tena gari lako mpaka nizikwe. Sijazaa watoto ili nisukumwe."

Basi, wasikilizaji, ndipo shujaa alipojifunga kibwebwe akaenda mjini, kwenye duka la tairi la Mzee Mansukhlal, ambalo siku hizi linashikwa na mkwe wake, Usha, mwanamke mwenye miwani kichwani na ulimi usiopumzika. Tulikuwa watatu: yeye, mkewe Pamela, na mimi niliyechukuliwa kuwa shahidi. Humo dukani tairi zilipangwa mpaka darini, nyeusi, zikinuka upya, na Thadeus akapita katikati yake kifua mbele, akizipiga teke moja baada ya nyingine. Msiniulize alikuwa anatafuta nini. Kila mwanamume anayenunua tairi lazima azipige teke, na hakuna aliyewahi kueleza teke lile lilimwambia nini.

"Karibu, Mangi!" Usha akapaza sauti, kama mjini wanavyomwita kila Mchagga. "Tazama hizi za lami, saizi ya rimu zako kabisa. Laini, hazina kelele, utapita mtaani watu wadhani gari linaelea. Au tazama hizi za kashata, zenye vipande vikubwa. Hizi zikishika tope, tope lenyewe linaomba msamaha. Lakini sikufichi, kwenye lami zinanguruma, na uzuri hazina."

Pamela, mke wa shujaa, Mwenye Kucha Ndefu, aliyekwisha kushona gauni la Krismasi la rangi ya rimu, akaweka mkono kiunoni. "Ewe mume wangu, simba wa Njoro! Watu wa Dar wote watakuwa wameegesha pale uwanjani, magari yao yamesuguliwa mpaka yanaumiza macho, na sisi tuje na miguu ya trekta? Nitauficha wapi uso wangu? Nunua za lami, tuombe Mungu kusinyeshe."

Shujaa akageuka kwa Usha kwa unyenyekevu mkubwa. "Dada, wewe unaonaje? Krismasi itanyesha?"

"Mimi nauza tairi, Mangi. Mawingu siuzi."

Akazishika za lami, akazipapasa. Akazishika za kashata, akaingiza kidole katikati ya vipande, kidole kikazama chote. Akaninong'oneza kwamba za kashata zingetosha kumtoa mtu hata kuzimu. Akaanza kutabasamu, akidhani vita vimekwisha, maskini, kumbe adui alikuwa bado hajatoka pangoni.

"Ila kuna jambo," akasema Usha. "Hizi kashata haziingii kwenye rimu hizo zako. Hizo ni za maonyesho. Ukitaka kashata tunavua zote nne, tunakuwekea rimu ndogo za chuma, nyeusi."

Lo! Thadeus akakaa juu ya rundo la tairi kama mtu aliyepewa habari ya msiba, na Pamela akashika ukuta. Mwenzenu nikaangalia chini. Mtu aliyelala usiku akiota rimu, aliyewakataza wanawe kucheza mpira karibu na rimu, leo anaambiwa achague kati ya rimu na mama. Akatoka nje mpaka kwenye Kasri, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya ile rimu ya mbele kulia, akaanza kunena.

"Enyi rimu zangu, enyi mlionipa jina mbele za watu! Nani aliyenijua kabla yenu? Nilipopita nanyi, askari wa barabarani walinipigia saluti, na wakopeshaji wakaniita mheshimiwa. Nitawavuaje? Nitapitaje mbele ya benki na vyuma vyeusi, kama mtu wa kubeba mchanga?"

"Mangi," Usha akaita kutoka mlangoni, "kuna wateja nyuma yako."

Hapo shujaa akainama zaidi. Akaikazia macho rimu ile, na mle ndani alijiona mwenyewe, mpana na mfupi kama kila mtu alivyoonekana humo. Nilidhani analilia rimu. Lakini aliponiinulia uso aliniambia kwa sauti ndogo, bila hotuba, "Unakumbuka alivyovishika viatu mkononi?" Nikamwambia nakumbuka. Akasimama, akavuta suruali juu ya lile tumbo la heshima.

"Vua," akamwambia Usha.

Zikavuliwa. Pamela hakutazama. Jeki ikanyanyuliwa, spana zikalia, na Kasri likabadilishwa miguu kama bibi harusi anayepewa gambuti badala ya viatu vya visigino. Tulirudi Njoro likinguruma barabara nzima, na yule mwanamke wa dashibodi hakusikika tena.

Krismasi ikafika, na mvua, asante sana, ikafika kabla yake. Usiku kucha ilipiga mabati. Asubuhi njia ya Kilema ilikuwa uji mtupu, na tulipofika kwa mama, yeye alikwisha kukaa kibarazani, kitenge kipya, rozari shingoni, na viatu vyake vya kanisani miguuni, vimepakwa rangi. Sirili alikuwa kando ya pikapu, injini inawaka. Akatuamkia kwa heshima, lakini macho yake yalishuka kwenye zile rimu nyeusi, akajiuma mdomo asicheke.

"Shikamoo, kaka. Umeibiwa?"

"Marahaba. Fuata nyuma, ukae kimya," akajibu shujaa.

Mama akapanda mbele. Mimi na Pamela tukakaa nyuma, nimepakata kreti ya soda. Tukaanza kupanda, na kule kwenye kona nikamwona Mzee Kornel amesimama kando ya mfongo, jembe begani, na nyuma yake wanaume kadhaa wamekwisha kukunja suruali. Walikuwa wamekuja kusukuma. Nadhani hata pipa lilikwisha kutajwa.

Thadeus akaushika usukani. Akakanyaga. Kasri likateleza kushoto, kuelekea ule ule mfongo, likainama, Pamela akataja watakatifu kwa majina, na mama akashika mlango kwa mikono miwili. Kisha kashata zikauma. Zikatupa tope juu ya boneti, juu ya vioo, juu ya Mzee Kornel na jembe lake, juu ya kioo cha Sirili na ndani ya dirisha alilokuwa ameliacha wazi, na lile gari jeupe pee likapanda mlima likinguruma, bila mkono wa mtu nyuma yake, mpaka juu. Nililia. Soda mbili zilivunjika na nililia.

Uwanjani kwa kanisa magari ya Dar yalikuwa yamepangwa, yakimetameta, mengine yamefika tangu jana yakalala hapo kwa hofu ya mlima. Wanaume wamesimama, mikono mgongoni. Sisi tukaingia, na hakuna aliyetutambua. Kasri lilikuwa rangi ya ardhi kutoka juu mpaka chini. Nikamsikia mmoja anauliza hilo gari la kubebea mbao ni la nani. Ee ndugu zangu! Kazi yote ile, sadaka yote ile, na jicho moja la kumsifu halikupatikana. Thadeus akashuka upande wake, akainamisha kichwa.

Mama Hilaria naye akashuka. Jirani mmoja akamkaribia kumpa mkono. "Krismasi njema, Mama. Naona leo Sirili kakuleta kwa gari jipya."

Mama akasimama. Akaviangalia viatu vyake, vikavu, vinang'aa, kisha akainua sauti yake yote, ile ya kuitia watoto kutoka bondeni, hata waliokuwa kwenye ngazi za kanisa wakageuka.

"Nimeletwa na Thadeus! Mwanangu wa kwanza! Na hatukusukumwa!"

Kisha akamgeukia mwanawe, akamshika mkono ule mnene, akamwambia kwa Kichagga, kama mtu anavyomshukuru mzee mwenzake: "Aika mbe." Shujaa akageukia migomba, akajifuta macho kwa kitambaa kile cha rimu. Alituambia ni tope. Sirili alikuja akasimama karibu naye, uso mzima umepakwa, meno tu ndiyo meupe, na hapo wote wawili wakacheka mpaka kengele ikagonga.

Basi lishikeni hili, enyi watu, muwaeleze wanenu na wakwe zenu: kwamba ilipokuwa Krismasi, katika kona ya mfongo wa Kilema, gari lilipanda. Rimu zile ziko Njoro sebuleni, zimetundikwa ukutani pembeni ya picha ya harusi, na mgeni haruhusiwi kuzigusa. Siku ya pili tuliporudi mjini tulipita pale wanapoosha magari, ambapo Thadeus hakuwahi kupita bila kuingia tangu alipolinunua Kasri. Vijana wakakimbilia barabarani na ndoo na sabuni, wakamwita mheshimiwa, wakamwonyesha tope kwa vidole kana kwamba yeye hajaliona.

Akashusha kioo. "Acheni hivyo hivyo," akawaambia. "Hilo ni tope la kumpeleka mama Misa."