Kiungo Kisichoongeza Thamani

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeanza masomo. Ya bure, kwenye simu: Misingi ya Usimamizi wa Mnyororo wa Ugavi. Mwalimu ni kijana wa tai anayesimama mbele ya ukuta mweupe. Akimaliza hoja hunyamaza kidogo na kutabasamu, kama anayengoja jibu. Namjibu. Chumbani hakuna mwingine wa kunisikia, na ni adabu.

Sababu ya masomo ni Shiundu, jirani yangu hapa Shauri Moyo, ukuta kwa ukuta. Amenunua pikipiki. Hupeleka sambusa kwa Lenah, mwenye kibanda cha chai kule Kamukunji, katikati ya mafundi wanaogonga masanduku ya bati. Mimi ndiye ninayempelekea Lenah mahamri, kwa baiskeli. Leo Shiundu kamwambia Lenah, mbele yangu, kwamba anaweza kuleta sambusa na mahamri kwa safari moja, mzee apumzike. Mzee ni mimi. Lenah akacheka, akasema atafikiria.

Nieleze kazi yenyewe. Mahamri hupikwa na Mama Rufaida, Majengo, barabara ya Digo. Naenda kwake asubuhi na mapema, nasubiri karai la mwisho liive, nafunga hotpoti mbili, vile vyombo vya kutunza joto, kwenye keria, naondoka. Nikisubiri hunipa chai barazani na kuniuliza nimeamkaje. Hiyo chai si muhimu. Naitaja ili maelezo yawe kamili.

Lenah hajui mahamri yanatoka wapi. Nilimwambia ni kwa bibi mmoja ng'ambo ya Eastleigh, mkali, hapendi wageni. Mama Rufaida naye nilimwambia mteja ni mwanamke wa kufokea watu, afadhali nimkabili mimi. Chini ya kila hotpoti Mama Rufaida ameandika jina lake na barabara yake kwa rangi ya kucha, kama wafanyavyo akina mama wote ili vyombo visipotelee arusini. Nimebandika tepu nyeusi juu ya maandishi. Huko ndiko kulinda chanzo. Mwalimu hajafika hapo, lakini naona anaelekea.

Jumanne, 4 Februari

Somo la pili: upotevu. Kusubiri ni upotevu. Kubeba kisichohitajika ni upotevu. Leo nimejitazama kwa jicho la mtaalamu na nimeshtuka.

Upotevu wa kwanza: barazani. Mama Rufaida kanieleza habari za goti lake, halafu za mvua, halafu akaniuliza Mukami hajambo huko Doha. Mukami ni binti yangu. Nikasema hajambo. Hupiga simu Krismasi, na Krismasi alikuwa hajambo. Wakati wote huo mahamri yanapoa!

Upotevu wa pili ni mbaya zaidi. Hotpoti hazirudi tupu. Lenah hawezi kurudisha chombo cha mtu bila kutia kitu: maparachichi, ndimu, siku moja fungu zima la mboga za terere. Mama Rufaida akiona hivyo, kesho yake anaongeza chupa ya achari ya embe juu ya mahamri, ya "yule mwenzangu". Hawajawahi kuonana. Wamekuwa wakijibizana kwa vyakula tangu mwaka juzi, na njia nzima mwenye kukanyaga pedali ni mimi. Kwa kweli achari huwa haifiki yote. Lakini hata iliyobaki ina uzito.

Mwalimu ana jina la kitu kama hiki: mzigo wa kurudi usio na tija. Nikamwambia, kweli kabisa.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya mageuzi. Hotpoti nimezifuta kazi. Nimeokota katoni safi sokoni Gikomba, nikatandika karatasi ndani. Katoni inaenda, hairudi. Shiundu na pikipiki yake hana fikra ya namna hii.

Mama Rufaida akaitazama katoni mbele na nyuma. Akauliza kama mahamri yanaliwa hapa hapa mjini au yanapanda ndege. Akaulizia pia hotpoti yake moja iliyobaki kwa Lenah. Nikamwambia itarejea kwa utaratibu. Kisha nikamweleza kwamba sitakaa tena barazani, maana kusubiri ni upotevu, nitachukua yaliyoiva niende. Alikuwa ameshamimina chai. Akakitazama kikombe. Nikamwambia asilichukulie vibaya, ni kanuni tu.

"Haya baba," akasema. Akakinywa mwenyewe.

Nimefika Kamukunji mapema kuliko siku yoyote. Mapema mno. Lenah hajawasha hata jiko. Nimekaa juu ya sanduku la bati la mtu, nikasubiri muda ule ule ambao ningesubiri Majengo. Bila chai. Inaelekea upotevu haukuisha, umehama tu. Nimemuuliza mwalimu. Akatabasamu.

Ijumaa, 7 Februari

Kikwazo kidogo. Mahamri yametoka jasho ndani ya katoni. Fundi mmoja kaliinua lake, akalibonyeza, akawauliza wenzake nani ameleta sponji ya kuoshea gari. Wamecheka kwa nyundo, kila mmoja akagonga bati lake. Shiundu alikuwepo. Alipangusa tu kiti cha pikipiki, polepole, kitako chote.

Lenah alikuwa amefunga maparachichi kwenye gazeti, ya kumpelekea "yule bibi". Nikamweleza utaratibu mpya: hakuna kinachorudi. Halafu akaniuliza kama amemkosea bibi. Nikamwambia hajakosea mtu, huu ni mfumo. Na hotpoti je? Nikasema akae nayo.

"Nikae na chombo cha mtu, tena kitupu?" Akaniangalia kama niliyetoka jela. "Wewe Baba Mukami, ulilelewa na nani?"

Majengo nako mambo ni hayo hayo. Mama Rufaida anaamini yule mwenzake amekasirika. Anasema labda achari ilizidi pilipili. Alikuwa anaiwaza tangu jana. Ameniomba nimpelekee salamu, nimwambie ile nyingine ataipunguza ukali.

Sikuzipeleka. Salamu nazo ni mzigo. Isitoshe, kwa mujibu wa masomo, pande mbili zikikosa kuelewana, nguvu inabaki kwa kiungo cha katikati. Kiungo cha katikati ni mimi. Jioni nimejipikia ugali wa nguvu, nikaula nikisikiliza redio ya Shiundu kupitia ukutani. Alikuwa na wageni. Redio ni nzuri.

Jumamosi, 8 Februari

Msiba.

Lenah aliibeba ile hotpoti nyumbani kwake jana, akaiosha kwa maji ya moto. Tepu ikabanduka.

Sasa nieleze kwa nini niliwahi kusema ng'ambo ya Eastleigh. Lenah anaishi mtaa wa California. Akienda kibandani kila asubuhi hupita kwa miguu mwisho wa barabara ya Digo. Angenyoosha shingo tu, angenusa iliki.

Nimefika kwa Mama Rufaida, namkuta Lenah barazani. Upande wangu wa benchi. Na kikombe changu, kile chenye ufa kwenye mshikio. Katikati yao hotpoti imejaa maparachichi hadi kifuniko hakifungi, na ndimu zimepangwa pembeni kama walinzi.

"Mbugua," Mama Rufaida akaniita kabla sijashuka kwenye baiskeli. "Huyu ndiye yule wa kufokea watu?"

"Na huyu," Lenah akadakia, "ndiye bibi mkali wa ng'ambo? Mbona amenivulia kandambili zake nivae?"

Nikasema kwamba katika fani hii umbali hupimwa kwa njia mbalimbali. Wakacheka mpaka Mama Rufaida akajifuta macho kwa leso. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, ningejua la kufanya. Kucheka hakumo kwenye masomo.

Wakanimiminia chai, kwenye glasi ya wageni.

Basi nikaona nirudishe heshima yangu. Nikawafundisha. Nikawaeleza mnyororo ni nini, tangu unga mpaka mdomo wa fundi. Nikawaeleza kanuni kuu: kiungo kisichoongeza thamani hukatwa, ili bidhaa ifike ingali moto. Wakanisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia, hasa Lenah. Akaomba nirudie hapo kwenye kiungo. Nikarudia, na mifano.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekatwa.

Lenah atachukua mahamri mwenyewe akipita, ndani ya hotpoti, kichwani, yakiwa moto. Shiundu pia hakupata kitu, na hilo nimelipokea kwa utulivu. Mama Rufaida ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, akinisogezea kigoda.

"Si ubaya, baba. Si wewe mwenyewe uliyetufundisha?"

Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza Majengo kuondolewa kwa kanuni sahihi. Wengine hufukuzwa hivi hivi tu. Nitaliandika kwenye maombi ya cheti.

Nikiwa naondoka akanishika mkono wa shati. Akasema kazi ndiyo imeisha, chai haijaisha. Kesho nije kama kawaida, benchi halijauzwa, na Lenah naye atakuwepo kidogo kabla ya kwenda kibandani. Nikamshukuru, nikasema nitaangalia ratiba.

Nimeiangalia ratiba. Iko wazi yote. Lakini somo la pili halina utata: safari bila mzigo ni upotevu. Mtu hawezi kukanyaga baiskeli kutoka Shauri Moyo hadi Majengo kwa sababu ya kuulizwa ameamkaje.

Jumatano, 12 Februari

Jana nimekunywa chai nyumbani, na leo pia. Tangawizi inanishinda kipimo. Birika hili tulilinunua zama za marehemu mama yake Mukami, halijui kupika kidogo.

Kabla ya adhuhuri Shiundu kabisha hodi. Mkononi, hotpoti. Mama Rufaida kampa Lenah, Lenah kampa Shiundu, Shiundu kaniletea mimi. Mnyororo wa ovyo kabisa, kila mtu kaubeba mzigo bila sababu ya kibiashara. Ndani mna mahamri, bado moto. Juu yake chupa ya achari. Imejaa hadi shingoni. Nilipokuwa naibeba mimi haikuwahi kufika hivyo.

Shiundu akasema ameagizwa aniambie nirudishe chombo mwenyewe, si kwa mkono wa mtu, wale wamama wananiulizia. Kisha hakuondoka. Akasimama mlangoni, akaisifu baiskeli yangu, akasema redio yake imeharibika na leo hana abiria. Akachungulia birika. Nikamwambia niko darasani. Akasema haya mzee, akaenda zake. Sijui alikuwa anatafuta nini.

Mahamri nimeyala yote. Mazuri sana. Yalipokuwa mzigo sikuwahi kuyaona hivyo.

Nilikuwa nimeshavaa kofia ya kwenda Majengo, niseme ukweli. Bahati nzuri nikafungua kwanza somo la nne. Linasema: usisukume bidhaa kwa mteja, subiri mteja aivute. Nikavua kofia. Hotpoti yao iko kwangu. Wanaihitaji kila asubuhi. Kwa hiyo ni wao watakaokuja, na wakija tutazungumza upya, nikiwa nimekaa na wao wamesimama. Au wakae. Viti nitatafuta.

Nimeiosha ikang'aa. Nimeiweka karibu na mlango, tupu kabisa, nyepesi, tayari kwa kuchukuliwa. Chini yake nimebandika tepu mpya.

Nimeteleka chai na kutoa vikombe vitatu, wasinikute sijajiandaa. Ilipoa, nikaipasha. Imepoa tena. Mlango nimeuacha wazi kidogo, kwa ajili ya hewa.