Kijipu cha Umeme na Mlima wa Mama Mkwe

Jumatatu, 25 Machi
Gari limefika! Kijipu cha umeme, cha samawati, kidogo lakini kimeinuka. Nakichungulia dirishani nacheka peke yangu. Mama mkwe, Bi Gunnvor, amechoka kutunza nyumba yake ya mlimani. Pasaka hii atapanda na mimi. Nikimfikisha mlangoni bila vituko, ufunguo wa nyumba hiyo ni wangu. Nikishindwa, anapewa shemeji Asle, mwenye gari kuukuu la dizeli linalokohoa. Maskini Asle!

Jumanne, 26 Machi
Jaribio kwenye kilima cha kanisa, theluji tele. Nimekanyaga mafuta. (Mafuta gani tena!) Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, nikarudi kinyumenyume hadi uzio wa mchungaji. Asle alikuwa anapita, bila shaka! Akauliza kama gari limekuja kubatizwa. Akanishauri nifunge matairi ya misumari, yale yanayong'ata barafu. Ng'o! Hapa mjini Bergen misumari inatozwa ada kwa kuchimba barabara, na mimi si mtu wa kutozwa.

Jumatano, 27 Machi
Nimeamka na akili. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, basi yanataka uzito! Nimejaza buti la gari magunia ya kuni. Kilima cha kanisa nimekipanda taratibu, kimyaa. Nikakirudia kwa raha tu. Mke wangu Sunniva ameuliza kama umeme utatosha kwa mzigo huo. Nimemwambia nitazima hita. Akanitazama, akaenda zake.

Alhamisi, 28 Machi
Safari! Mama mkwe kavaa kofia mbili. Hakulalamika. Alisema tu kwamba trekta la marehemu mumewe lilikuwa na joto zaidi. Chini ya mlima tukamkuta Asle, mpole kama malaika. Akasema gari langu limelemewa, akahamishia kuni zote kwenye dizeli lake. Nikamshukuru! Mjinga mimi! Kona ya mwisho, mlango tunauona, kijipu kikaanza kuteleza. Nikamwomba Mama mkwe, kwa heshima zote, ahamie kiti cha nyuma. Akauliza kwa nini. Nikamweleza ukweli, kwamba panahitajika uzito, na yeye anao. Akahamia. Tukapanda kama tunavutwa kwa kamba! Nilishangilia peke yangu.

Ijumaa, 29 Machi
Jua zuri, theluji inameremeta. Nimeegemea ukuta nakula chungwa. Raha iliyoje! Ufunguo kapewa Asle. Mama mkwe amesema kufika tumefika, ila yeye si gunia la kuni. Sunniva, aliyepanda na gari la Asle, alicheka hadi machozi, kisha akaacha kuongea nami.

Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: mtu mmoja nyuma hatoshi. Mwakani namchukua na dada yake, Bi Borghild, aliyejaaliwa mwili kumshinda. Nimempigia simu sasa hivi kumwalika. Alifurahi mno. Nilipomweleza sababu, simu ikakatika. Mtandao wa huku mlimani ni mbovu kweli! Nitampigia tena baada ya chungwa hili.