Pampu Mezani, Samaki Bwawani

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye hakuweza kufika. Waheshimiwa wakuu wa mitaa ya Nyamugari na Yoba. Ndugu Zakaria na ujumbe wako kutoka Muyinga, mlioamka kabla ya jogoo. Mashehe, mapadri na wachungaji. Akina mama wa ushirika. Nanyi mnaonisikiliza, pamoja na nyinyi mnaotazama makreti ya Fanta: Amahoro! (Amahoro! Kreti moja inasogezwa mbali na watu.)

Mimi, Manase, Mratibu wa Muda wa Kudumu wa Projeti Shirikishi ya Kuendesha na Kutunza Pampu za Mabwawa ya Nyuma ya Nyumba, nimesimama leo hapa Gitega, mtaa wa Nyamugari, nyuma ya nyumba ya Mama Kulthumu, kando ya bwawa lake lenye tilapia mia mbili, nikiwa na furaha isiyopimika, ingawa komisiyo yangu imeipima na kuikuta asilimia tisini na nne. (Makofi.) Mbele yenu, juu ya meza, imefungwa utepe mwekundu, ipo pampu. Itazameni. Haivuji, haipigi kelele, wala haijaziba hata mara moja tangu asubuhi. Hayo ndiyo matunzo.

(Mama Kulthumu anasimama: "Chefu, samahani. Samaki iko juu ya maji, inafungua midomo, inatafuta hewa. Mi naomba hiyo pampu kwanza.")

Asante sana, Mama, kwa ushuhuda. Mmesikia wenyewe. Kabla ya uongozi wangu samaki hawa walikuwa wanajificha chini, hakuna raporo iliyoweza kuwahesabu. Leo wamejitokeza kumpokea mgeni rasmi, tena midomo wazi, kama kwaya. (Kicheko upande wa nyuma. Mgeni rasmi anawapungia samaki mkono.)

Sasa niingie kwenye utaalamu, kwa sababu mimi si mtu wa maneno. Nilihudhuria semina ya siku tano Muyinga, nikapewa cheti, na cheti hicho kinaniruhusu kusema kwamba pampu ina maadui watatu. Wa kwanza ni tope, ndiyo maana pampu hukalishwa juu ya tofali. Wa pili ni majani ya migomba, yanayoziba sponji, ambayo lazima ioshwe kila juma. Wa tatu, na hapa komisiyo ilijadiliana mpaka wali ukapoa, ni maji yenyewe. Pampu isiyotiwa majini haizibi, haichakai, haiungui. Kwa hiyo, kwa mujibu wa mkakati wetu, matunzo yatatangulia uendeshaji, na uendeshaji utaanza mara tu matunzo yatakapokamilika. (Mguno.)

("Chefu, ile moja imegeuza tumbo. Mi nimezilisha miezi saba. Ni za harusi ya binti yangu Nadia, Jumapili. Wageni watakula nini?")

Mpeni Mama kiti na Fanta. Harusi! Andika, Husni, andika kwenye raporo: projeti imeanza kuozesha mabinti. (Husni, karani wa projeti, haandiki. Anatazama bwawa.) Na bado. Kufikia mwisho wa mwaka tutakuwa na mabwawa mia nne, kuanzia hapa hadi Bugendana, na kiwango cha pampu zilizoharibika mikononi mwangu kitabaki kama kilivyo leo, yaani sifuri. Semeni nami: Pampu safi! (Maji safi!) Pampu kavu! (Kimya.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Mama Kulthumu, aliyekubali leo alfajiri tuichomoe pampu hii, ambayo ni yake, kutoka bwawani mwake, tulipomwambia ni ya picha ya dakika tano. Bila yeye tungezindua meza tupu, maana nyingine hatuna. Ndugu Zakaria, ifungeni vizuri kwenye gari, kesho ni zamu yenu kuizindua Muyinga. Utepe msiukate, ufungueni tu, Bugendana wanausubiri.

(Mama Kulthumu hangoji amalize. Anaitwaa pampu mezani, utepe na vyote, anapiga magoti ukingoni na kuishusha juu ya tofali lake. Husni anaweka kalamu chini, anakwenda kuunganisha waya. Maji yanaanza kuruka. Nyamugari yote inapiga makofi, kwa mara ya kwanza bila kuombwa.)

Asanteni. Asanteni sana. Makofi hayo nayapokea kwa niaba ya projeti.