Mti wa Uzima, Mbele na Nyuma

Jumatatu, 3 Novemba

Habari kubwa. Mwalimu Saverio anahamia Gulu kwa binti yake. Alitutangazia jana kule Mengo, kwenye chumba chake cha nyuma, ambako sisi wanafunzi wake tunasoma Kabala, elimu ya Wayahudi ya siri za Mungu, kila Jumapili baada ya misa. Kabala ile ya vitabu vya Ulaya, alivyorudi navyo sanduku zima alipomaliza masomo huko. Kiti chake atamwachia mmoja wetu Jumapili ijayo. Atamchagua aliyeishinda nafsi yake kuliko wenzake.

Ni mimi. Nani mwingine? Nafsi yangu nimeishinda kabisa, na nataka wote wajue.

Tatizo ni Valère. Anauza viatu vya mitumba hapa hapa Kasubi, lakini maduara kumi ya Mti wa Uzima, ule mchoro wa Kabala, anayataja kwa Kiebrania bila kutazama karatasi, kuanzia Ufalme chini kabisa hadi Taji kule juu kwa Mungu. Sisi wengine tunapanda mdogo mdogo. Yeye jana alisema, kwa unyenyekevu wote, kwamba ameshafika duara liitwalo Uzuri. Kwa sura ile.

Niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu. Bukavu nilikuwa rais wa kwaya. Nikiingia, watu wanasimama. Hapa Kampala mimi ni fundi cherehani Mkongomani, wa kuambiwa nipunguzie suruali hii. Nataka kuitwa Mwalimu kabla sijafa. Basi.

Jumanne, 4 Novemba

Asubuhi nimefanya zoezi la nuru uani. Unasimama, unafumba macho, unaita nuru utosini, unaishusha taratibu mpaka nyayoni. Ilipofika tumboni, mama mwenye nyumba, Hajati Kaltumi, akauliza kama naumwa. Nikamwambia niko katikati ya Mti. Akasema basi nishuke, nimeziba njia ya bafuni.

Lakini nuru ilikuwa imeshaleta wazo. Sare! Mji huu kikundi bila sare si kikundi. Vikundi vya kuzikana vina sare. Kwaya zina sare. Mashangazi wa bibi harusi wana sare. Sisi tunaomtafuta Mungu tumevaa kila mtu lake, kama watu waliokutana hospitali. Nitawashonea wote. Valère Kiebrania anakijua, cherehani haijui.

Nimekwenda kwa Ocen, yule anayechapa fulana. Atanichapia Mti kwenye pamba nyeupe, mmoja baada ya mwingine, vilele vyote vikitazama upande mmoja.

Alhamisi, 6 Novemba

Kitambaa kimefika. Kizuri mpaka nimekaa chini. Nimekata kanzu pana, mbele na nyuma kipande kimoja, tundu la kichwa katikati. Mke wangu Hortense, ambaye naye hushona na kusoma Kabala nasi, alisema niweke mshono begani, kitambaa chenye picha hakikatwi hivyo. Nikamjibu kwamba vazi la Bwana Yesu halikuwa na mshono. Akasema Bwana Yesu hakuwa fundi wa Kasubi. Akaongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu ni nani katika nyumba hii, sikutaka kuuliza.

Jumamosi, 8 Novemba

Sare zimekwisha. Nimemvalisha Hortense ya kwake. Mbele, Mti umesimama wima, Taji kifuani, Ufalme magotini. Machozi yalinilenga. Kisha akageuka.

Mgongoni Mti umepinduka. Kichwa chini! Taji, duara takatifu kuliko yote, limekaa kwenye makalio ya Hortense.

Nilisahau. Kitambaa kinachopanda mbele kikivuka bega hushuka nyuma. Hata anayeanza cherehani leo analijua hilo. Hortense alivuta kigoda. Alikaa juu ya Taji taratibu akaendelea kumenya matoke.

Kitambaa kingine hakuna, muda hakuna. Mpango mpya. Kesho watu waingie, wakae, wasigeuke. Viti vyote vitaegemea ukuta.

Jumapili, 9 Novemba

Wote wamevaa. Wote ukutani. Mwalimu Saverio alikuwa anaipapasa sare yake, ameguswa. Kile kiti nilikuwa nimeshakikalia nusu.

Ndipo Valère akasimama kufungua kwa sala. Na sala ya kufungua husaliwa ukitazama mashariki. Akatugeuzia mgongo.

Dada Abalo, muuguzi, aliuliza kwa sauti Taji limefikaje kule. Kila mtu akasimama kukagua mgongo wa mwenzake. Valère akapata upenyo. Akasema kwa huzuni kubwa kwamba ndugu yetu Tresor ametukalisha juu ya Mungu, ila yeye binafsi amenisamehe. Nikakiona kiti kinakwenda, nikaziona suruali za kupunguza mpaka kaburini.

Mwalimu akainuka. Akaushika mgongo wa Valère, akaufuatisha Mti kwa kidole. Kisha akasema wa kale walifundisha kwamba mizizi ya Mti huu iko mbinguni, matawi yake ndiyo yanashuka kwetu. Mbele, mtu anapanda. Nyuma, rehema inamshukia asikoweza kuona. Akasema miaka yake yote amefundisha kupanda tu. Macho yake yalikuwa na maji. Akaniuliza kama wazo hilo nililiwaza peke yangu.

Nikainamisha kichwa. Nikakohoa. Hortense naye akakohoa, kwa nguvu zaidi.

Akasema mtu anayeweka fumbo zito hivyo mgongoni, asikotafuta sifa, huyo nafsi ameishinda. Akanishika mkono akanikalisha kitini. Valère alipiga makofi kama anaua mbu. Abalo akaniita Mwalimu. Mwalimu Tresor. Nililia, na machozi yale hayakuwa ya mpango.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeamka Mwalimu. Nuru leo ilishuka bila kuitwa. Hajati Kaltumi bado ananiita fundi, nimemsamehe. Valère nimempa cheo cha kupanga viti.

Hortense ameuliza nimejifunza nini. Nimemwambia nimejifunza kwamba mbingu hazikosei mtu. Akakohoa tena. Anywe tangawizi.

Sasa, mwalimu hawezi kuvaa sawa na wanafunzi. Nimerudi kwa Ocen. Safari hii hakuna mti. Ni jina tu, MWALIMU TRESOR, herufi kubwa za buluu, kitambaa kizima, ili nikipita sokoni Nakasero hata walio nyuma yangu wasome. Hortense amesema niweke mshono begani. Nimemjibu kwamba mwalimu hafundishwi. Nimeshakata, kipande kimoja, na kesho nakivaa.