Mwanyumba, Mama Mkwe na Injini Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Mwanyumba amenunua gari. Jeupe! Mimi nimeoa dada mkubwa, yeye kaoa mdogo, lakini leo ukweni amekaribishwa yeye kwanza. Mama mkwe amelizunguka lile gari akipapasa milango. Langu hajawahi kulipapasa. Wivu? Ndiyo, wivu. Jumamosi mama anakwenda harusini kwa mpwa wake, mwendo wa saa mbili. Atakayempeleka ndiye mkwe hasa. Nimemuwahi mwanyumba, nimejitolea. Kakubali!

Jumatano, 5 Machi
Taa ya oili imewaka. Mwanyumba kaiona kupitia dirishani, macho yake kama ya kunguru. Akasema, tena mbele ya mama, kwamba oili imepungua, na kwamba ana galoni nzima kwenye buti. Nikamjibu kwamba gari langu ndivyo lilivyo, taa hiyo hujiwakia tu. Oili yake? Bora nitembee kwa miguu! Na dukani siendi. Duka linatazamana na kwake. Akiniona nanunua, atajua alisema kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Injini inagonga. Ko-ko-ko. Mke wangu kauliza ni nini hicho. Nikasema ni barabara mbovu. Akasema mbona tumesimama. Nimeongeza sauti ya redio.

Jumamosi, 8 Machi
Siku yangu! Mama mkwe kiti cha mbele, kapendeza. Tukafika mlimani. Kishindo, moshi, kimya. Tumekaa kando ya barabara saa nzima. Nani akatokea nyuma? Hakucheka. Afadhali angecheka! Alimfungulia mama mlango, akaniambia pole, kaka. Pole hiyo imenichoma hadi sasa. Mama kaondoka bila kugeuka.

Jumanne, 11 Machi
Fundi kachomoa kijiti cha oili. Kikavu. Kafungua nati ya chini, yakatoka matone meusi yenye chembe za chuma zinazometameta. Kajaribu kuizungusha injini kwa spana, ikagoma. Kasema beringi zimelika, krenki imekwaruzika, injini imenoki, haiwaki tena. Akauliza taa haikuwaka? Nami nikamuuliza kama injini inaweza kufa kwa kijicho cha mtu. Akafuta mikono, akasema kwa miaka yake yote hajaona. Nadhani hajachunguza vizuri.

Jumapili, 30 Machi
Injini nyingine imefungwa. Fundi kaniapisha: wiki mbili mwendo wa pole, na nipime oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Mama mkwe naye kalainika. Kasema wiki ijayo huenda akapanda tena gari langu. Huenda!

Basi asubuhi mke wangu keshaketi garini, mimi nimeinama, kijiti nimeshakichomoa, mwanyumba huyo anapita. Kamkalisha mama mkwe mbele! Kapiga honi mbili. Ya pili ilikuwa ya nini? Nimebamiza boneti, nimeingia na kijiti mkononi, nimekanyaga mafuta hadi mwisho. Na nimempita! Mama mkwe alitoa mkono dirishani. Mimi nasema alinipungia. Mke wangu anasema alikuwa anaonyesha moshi.