Tofali la Babu Barthélemy

Albertville, Jumapili, 8 Agosti 1965
Padri Floribert ametangaza: Jumapili ijayo kanisa letu linatimiza miaka arobaini, na historia yake itasomwa mbele ya waamini wote. Mwenye habari za wajenzi azilete. Nani amesimama wa kwanza? Valère! Jirani yangu, karani wa bandari. Eti babu yake ndiye aliyechoma matofali ya kwanza. Watu wakampigia makofi. Ndani ya kanisa! Na mimi Anatole, karani wa reli, nimekaa kama gunia.

Nyumbani nikamwambia mke wangu, Emérance, kwamba hata babu yangu alijenga. Akasema babu yangu alikuwa mvuvi, tena akiona padri tu, anasukuma mtumbwi na kukimbilia ziwani.

Jumatatu, 9 Agosti
Valère ameenda kazini na tai. Amenisalimu "Papa Anatole" kwa sauti ya mjukuu wa mjenzi. Ugali nimeusukuma pembeni.

Jumanne, 10 Agosti
Nimepata akili! Saa nane mchana, watu wamejipumzisha, nimezunguka na msumari nyuma ya sakristia, chumba anachovalia Padri. Nimechora kwenye tofali: BARTHÉLEMY 1925. Babu hakubatizwa, lakini ukuta wa kanisa unataka jina la kikristo. Nikapaka masizi ili maandishi yazeeke. Yamependeza mno. Nusura nilie.

Jumatano, 11 Agosti
Nimempeleka Padri akaone. Valère naye akafuata, bila kualikwa. Padri akavaa miwani, akainama, akauliza babu alikufa lini. Nikasema kwa heshima: mwaka wa thelathini na nane.

"Papa Anatole," akasema Padri, "ukuta huu tuliujenga mwaka wa hamsini na saba."

Nikaomba ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Baya zaidi, Valère hakucheka. Akamwambia Padri: "Mon Père, mumuachilie. Njo mapendo ya babu yake tu." Kunihurumia! Mimi! Adhabu ya Padri: kupaka chokaa ukuta mzima.

Ijumaa, 13 Agosti
Chokaa machoni. Valère amekuja kunisaidia. Akanionyesha kanisa la zamani linapoishia: matofali mapana, udongo katikati yake, madirisha ya upinde. Kisha sehemu mpya: matofali membamba, saruji, madirisha ya pembe nne. Miaka yote nasali humu, sijawahi kuona. Anajua kila kitu, huyu! Hata brashi anaishika vizuri. Namchukia.

Jumapili, 15 Agosti
Historia imesomwa. Babu wa Valère: sentensi tano, nimehesabu. Mwishoni Padri akasema tumshukuru Papa Anatole kwa ukuta mweupe. Makofi! Emérance akanibana mkono. Valère alipiga kwa nguvu kuliko wote. Nikasikia roho imetulia kabisa.

Imetulia mpaka mlangoni. Hapo Padri akatuambia kwamba mwakani itaandikwa historia ya kengele ya kanisa. Valère akatikisa kichwa: kwao hakuna aliyewahi kuigusa. Lakini mimi nimekwisha kumkumbuka mjomba wangu, aliyeibeba peke yake kutoka bandarini hadi kanisani, juu kilimani. Imebaki kumtafutia jina tu.